Oili ikivuja tusikimbilie kufungua hedi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa kooni muda mrefu. Mimi ni fundi injini hapa Tabata, nimeanza kushika spana mwaka 1986 pale Gerezani nikiwa kijana mdogo, leo nina wajukuu, kwahiyo haya ninayosema sio ya kusimuliwa, nimeyafanya kwa mikono yangu, mazuri yake na mabaya yake.

Kuna kijana anaendesha Toyota IST ya kubeba abiria wa kuita kwa simu, gari ya bosi, kila siku anapeleka hesabu. Gari ikaanza kunuka oili inayoungua kila akisimama foleni pale Tazara, akifungua boneti anaona kimoshi chembamba kwenye eksozi, na akipaki usiku asubuhi anakuta matone chini. Akaenda gereji moja jirani na anapoishi, fundi akalala chini akamulika tochi, akaona pale hedi, kile kichwa cha injini, inapokaa juu ya bloku, ule mwili wa injini, pamelowa, akasema hapo hapo hedi gasketi, ile ya kuziba katikati yake, imekufa, tunashusha hedi. Hakuna kuosha injini, hakuna kuangalia juu, dakika tano hazijaisha kijana ameshaambiwa laki nne na nusu, spea na ufundi. Akakopa. Hedi ikashushwa, gasketi mpya ikawekwa, ikarudishwa na bolti zile zile za zamani, zikakazwa kwa spana iliyochomekwa bomba ili iwe ndefu, mmoja anashikilia mwingine anasukuma kwa kifua. Siku tatu gari nzuri. Siku ya nne ile harufu ikarudi kama mwanzo, na wiki ya pili likaongezeka tatizo ambalo hata halikuwepo, gari ikaanza kula maji na kuchemsha akipandisha kwenda Kimara.

Alivyonifikia hata salamu ilitoka kwa uchovu, "Shikamoo mzee, naomba uniangalizie, bosi anataka gari yake." Nikamwambia marahaba mwanangu, usiwashe, tuioshe kwanza.

Sasa Mhariri hapo kwenye kuosha ndio nataka wasomaji wako wenye magari wanisikilize vizuri, maana wengi wanaona kuosha injini ni urembo. Oili haivujii pale unapoiona. Inatoka juu, inateremka kwenye kila mfereji na kila pembe, upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, ikifika chini inakusanyika kwenye ukingo wowote itakaoukuta, na ule ukingo wa hedi na bloku ni kama kibaraza, kila kinachotoka juu kinapumzika hapo. Ukilala chini na tochi utaona kibaraza kimelowa na utasema ndio hapa. Ndio maana unaosha injini yote kwa dawa ya kuoshea, umefunika alternata na waya kwa nailoni, unaiacha ikauke kabisa, halafu unachukua poda ya mtoto, ile ile ya dukani, unapulizia kidogo kidogo kwenye sehemu zote unazozishuku. Unaiwasha, unazunguka nayo dakika ishirini, unarudi unaangalia poda imelowa wapi, na unaanza kusoma kutoka juu kushuka. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndio ya kushughulikia kwanza, zile za chini nyingi zitakuwa ni mtiririko wake tu.

Ile IST poda ililowa juu kabisa, kona ya nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi. Nikafungua kava, gasketi yake ya mpira imekauka imekuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, ukiikunja inakatika. Lakini sikuishia hapo, maana gasketi mpya ukiiweka bila kujua ya zamani ilikufa kwa nini utakutana nayo tena. Nikachomoa valvu ya PCV, ile ndogo ya kupumulia injini iliyofungwa kwenye kava, nikaitikisa, kimya. Ikiwa nzima ukiitikisa inagonga kokoto ndani. Hii ilikuwa imejaa masizi imeganda. Hapo ndio kwenye mzizi. Kila injini inapofanya kazi kuna gesi kidogo inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka chini kwenye oili, ile valvu kazi yake ni kuivuta irudi ikaungue, sasa ikiziba ile presha inabaki ndani inatafuta pa kutokea, leo itasukuma gasketi ya tapeti kava, kesho oili sili ya krenki, keshokutwa kijiti cha kupimia oili utakikuta kimenyanyuka chenyewe. Watu wanabadilisha sili moja baada ya nyingine miezi sita mfululizo na valvu yenyewe iliyoziba hakuna aliyeigusa. Na inaziba kwa sababu oili haibadilishwi kwa wakati, gari inashinda foleni injini inawaka haitembei, mwenye gari anahesabu kilometa tu wakati yale masaa ya kusimama nayo ni kazi.

Gasketi ya kava na PCV, vyote viwili, havikufika elfu sitini. Kijana alinyamaza muda mrefu nilipomwambia.

Nisiseme uongo, hedi gasketi inakufa kweli na nimezibadilisha nyingi. Lakini ikifa ina dalili zake, maji yanapungua na huoni yanapovujia, kwenye rejeta kuna mapovu yanapanda injini ikiwaka, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto. Oili kuonekana kwa nje peke yake haitoshi kushusha hedi ya mtu. Injini nyingi oili yenye presha inapanda kwenye hedi kwa kijitundu kimoja tu, kwahiyo hata kama gasketi inavujisha oili nje ni lazima iwe karibu na hapo na sio popote unapotaka wewe. Na kabla hujafika huko kuna swichi ya oili presha, ikichoka inarusha oili kama bomba lililotoboka halafu injini ikizimwa inaacha, kuna filta ya oili ambayo fundi wa sevisi alifunga mpya na mpira wa zamani umebaki umeganda kwenye kikalio chake, mipira miwili inakaa pamoja, hiyo naiona kila wakati na mara nyingi inaanza kumwaga siku ile ile ya sevisi. Kuna wenzetu wameshusha gia boksi wakijua oili sili ya nyuma ya krenki imeisha, kumbe ni oili ya tapeti kava imeteremka kwa nyuma ikaenda kudondokea pale gia boksi inapounga na injini. Kazi ya siku nzima, sili mpya, na tone linadondoka vile vile.

Haya, tuje kwenye bolti za hedi, maana hapa ndipo gari ya yule kijana iliharibiwa kweli.

Mimi nilifundishwa kufunga hedi kwa mkono. Fundi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema kaza mpaka usikie imekubali. Kwenye Land Rover 109 na magari ya wakati ule ilipita, chuma kilikuwa kinene, na gasketi zilikuwa laini zinabonyea, ndio maana injini nyingi za zamani kitabu chenyewe kilikuwa kinataka ukishatembea kilometa kama elfu moja urudi kukaza tena. Sasa mafundi wengi mtaani tumerithi mkono ule ule tukaupeleka kwenye injini ambazo sio zile. IST yenye injini ya 1NZ bloku yake ni alumini, hedi alumini, na bolti zake zimetengenezwa kwa hesabu nyingine kabisa. Bolti ya hedi ni kama mpira wa manati. Inapokazwa inavutika, na ile hamu yake ya kutaka kurudi ndio inabana hedi isinyanyuke pale gesi inapolipuka ndani. Ukiivuta kidogo haibani, ukiivuta kupita kiasi inalegea kama mpira uliochoka na haitabana tena milele hata uikaze vipi.

Kitabu cha 1NZ kinasema hivi, kaza bolti zote kumi mpaka Newton mita 29, halafu zungusha kila moja nyuzi 90, yaani robo duara, halafu rudia nyuzi 90 nyingine. Basi. Watu wakisikia Newton mita wanaona ni mambo ya chuoni, lakini nikwambie 29 ni kitu gani. Chukua spana ya urefu wa mita moja, ilaze, halafu ning'iniza mwishoni mifuko mitatu ya sukari ya kilo moja moja. Hiyo ndio 29. Kilo tatu tu Mhariri! Sasa yule jamaa aliyechomeka bomba akasukuma kwa kifua, tuseme aliweka kilo arobaini kwenye urefu ule ule, hiyo inakaribia 400. Baadae wanashangaa uzi wa bloku, ile mikato bolti inapojifungia, umetoka na bolti kama utambi.

Na kwa nini kitabu kikishafika 29 kinaacha kupima uzito kinahamia kwenye kuzungusha, hili nalo nililijua ukubwani. Nguvu unayoweka kwenye spana karibu yote inaliwa na msuguano, nusu hivi chini ya kichwa cha bolti, nyingine kwenye uzi, inayobaki kuivuta bolti yenyewe ni kama sehemu moja kwa kumi. Uzi ukiwa na kutu au mchanga, spana inakuonyesha umefika na bolti haijabana chochote. Lakini ukizungusha robo duara, uzi umetembea robo ya hatua yake, bolti imevutika kiasi kile kile kila mara, hakuna cha kukudanganya. Mimi nachora alama kwa rangi ya kucha kwenye kila kichwa, zote zinatazama mbele ya gari, nikimaliza robo mbili zote zinatakiwa zitazame nyuma, iliyobaki imetazama pembeni naijua nimeiruka.

Wala huanzii popote unapojisikia. Unaanza katikati unatoka nje kwa kupishana, kama mama anavyosukuma chapati, ili gasketi ijilaze sawasawa, ukianza pembeni unafungia mkunjo katikati. Kufungua ni kinyume chake, unaanzia pembeni unaingia ndani, kidogo kidogo, na injini iwe imepoa kabisa, hedi ya alumini ukiifungua na moto wake inapinda. Kabla ya kurudisha unaweka rula iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, injini ndogo nyingi za Toyota hazitaki mwanya uzidi 0.05 ya milimita, karatasi ya kuandikia unene wake ni kama mara mbili ya hapo, kwahiyo yule anayefumba jicho moja akatazama hedi akasema imenyooka hii, anatazama nini jamani?

Na yale matundu ya bolti kwenye bloku, tafadhali sana vijana wangu, yakaushwe. Ukishusha hedi maji na oili vinaingia humo, ukirudisha bolti juu yake maji hayabonyei, bolti inasimama kabla haijafika, spana inakwambia tayari, au bloku inapasuka. Sindano ya duka la dawa na kitambaa kisafi vinatosha kutoa yote. Uzi uwe safi, umepakwa oili nyepesi kidogo, na sio kuchovya bolti kwenye kopo.

Bolti zenyewe, zipo ambazo kitabu kinaruhusu urudie ukishapima kwamba hazijarefuka wala shingo haijakonda, zipo ambazo ni mpya kila mara hakuna mjadala. Usipokuwa na cha kupimia nunua mpya. Na namba niliyotaja ni ya 1NZ peke yake, usiichukue ukaenda kufungia 1HZ ya Coaster, kila injini ina namba yake na kila spana ya kupimia ina mistari miwili, moja ya Newton mita na nyingine ya paundi za kizungu, nimeona mtu anasoma 29 kwenye mstari wa paundi, ile ni 39 ya Newton mita, theluthi nzima imeongezeka kabla hata hajaanza kuzungusha.

Yule kijana bolti tatu zilikuwa zimerefuka nikizilaza na wenzake zinaonekana kwa macho, na tundu moja uzi umetoka na vipande vya alumini. Ikabidi tupeleke bloku ikatobolewe iwekwe uzi wa chuma, hedi ikachongwe maana ilikuwa imepinda, bolti mpya kumi, gasketi nyingine. Kazi yote ile kwenye gari ambayo ilikuja na kosa la gasketi ya kava. Na silikoni! Waliomfungia walipaka silikoni kila mahali kama wanaziba bati, nimeshusha sampu, lile bakuli la oili la chini, nimekuta nyuzi za silikoni zimenasa kwenye chujio la kunyonyea oili, kidogo tu injini ingekosa oili ikafa njiani. Kwenye hedi gasketi ya injini hii hupaki silikoni, na kwenye tapeti kava unaweka tone dogo kwenye zile kona mbili taimingi kava inapokutana na hedi, basi. Bolti za kava nazo ni Newton mita 10, mkono mmoja na spana fupi, ukizikaza kwa hasira mpira unatoka nje na kava inapinda ndio inavuja zaidi.

Siwalaumu mafundi peke yao. Mwenye gari anakuja saa nne asubuhi anataka gari saa kumi jioni, ukimwambia tuoshe tukaushe tuzunguke nayo tutazame anaona unampotezea muda, anahamia kwa yule wa dakika tano. Ukimwambia bolti mpya anasema fundi si zile zile tu mbona nzima. Mimi nimepoteza wateja kwa hilo na nitaendelea kuwapoteza. Lakini mafundi na sisi, gereji ina televisheni, ina spika mbili kubwa, toki renchi, ile spana ya kupimia, hakuna, na bei yake haifiki hasara ya hedi moja iliyorudi. Wenye nayo wengine wanaifungulia bolti zilizoganda, inaharibika kipimo, au wanaiacha imekazwa mwaka mzima badala ya kuirudisha chini kila wakimaliza.

Kwahiyo kupitia gazeti lako naomba mambo ambayo yanawezekana. VETA wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani, wanapimwa wanapewa cheti, ni jambo jema na nimewapeleka vijana wangu wawili pale Chang'ombe. Naomba kwenye kupima wawe wanamweka fundi mbele ya hedi na toki renchi afunge kwa namba na kwa mpangilio, na apewe injini inayovuja atafute chanzo kabla hajagusa bolti yoyote, asiyeweza afundishwe jioni baada ya kazi, tutakuja wengi hata sisi wazee. Wauza spea wa Kariakoo na Ilala Shaurimoyo naomba wanapouza hedi gasketi waweke na bolti zake kwenye mfuko mmoja, na kijikaratasi chenye namba za injini ile kwa Kiswahili, fundi wengi hawana kitabu na wanaona aibu kuuliza. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa hedi ishuke, muulize fundi kwa heshima tu, umejuaje, na utafungia nini. Akikuonyesha poda iliyolowa na akakuonyesha toki renchi, mwachie gari yako.

IST ile ilitoka kwangu chini pakavu. Nilimwambia kijana kila usiku atandike boksi chini ya injini, na kila Jumapili ananiletea niangalie, mpaka leo ni wiki ya tisa boksi halina tone. Maji hayapungui, anapanda Kimara na abiria wanne. Ile laki nne na nusu aliyokopa mwanzo bado anailipa.

Wako msomaji,
Fundi injini, Tabata,
Dar es Salaam